Sungusungu: mkamataji asiwe hakimu

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, sehemu yake kubwa ilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Pamoja na pamba na mifugo, mkoa mpya ulirithi pia jeshi lisilo na sare wala kambi wala mshahara. Jeshi hilo ni sungusungu. Tunaona inafaa leo kulizungumza kwa uwazi, kwa kuwa wapo wanaolisifu pasipo kulijua, na wapo wanaolilaani pasipo kukumbuka lilitoka wapi.

Lilitokana na dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilituacha na ushindi, lakini pia vilituachia bunduki zilizozagaa mikononi mwa watu wasiostahili na uchumi uliochoka. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ng'ombe ndiye benki ya mkulima: ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye akiba ya mwaka wa njaa. Mwizi aliyevunja zizi usiku mmoja aliifilisi kaya nzima. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, gari halina mafuta, na mara nyingine mtuhumiwa aliyefikishwa kituoni asubuhi alionekana mnadani jioni, huku mwenye ng'ombe akiendelea kuhesabu nyayo.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na sehemu jirani za Shinyanga walipoamua kujilinda. Walijiita basalama, yaani watu wa salama. Umma ukawaita sungusungu, kwa jina la wale wadudu weusi ambao mmoja wao si kitu, lakini wakiwa wengi hakuna awezaye kusimama mbele yao. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Uongozi wao waliujenga kwa mfano walioufahamu: walikuwa na mtemi wao, ingawa utawala wa watemi wa jadi ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963, na walikuwa na katibu na makamanda. Ukipigwa mwano, kila mwanamume mwenye nguvu hutoka, na kijiji huupokeza kwa kijiji, hata mwizi akajikuta amezingirwa. Asiyetoka hutozwa faini, na mkaidi hutengwa: hapewi moto, hachotewi maji, wala hazikiwi na wenzake. Kwa Msukuma, adhabu hiyo ni nzito kuliko kifungo.

Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya ushamba wa Kiafrika. Tunawakumbusha kwamba Uingereza yenyewe, iliyotuletea polisi na mahakama za kikoloni, iliishi kwa utaratibu wa namna hiyo kwa karne nyingi. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka wanaume wawe na silaha majumbani, wapaze sauti mhalifu akionekana, na kumfukuza kutoka kitongoji hadi kitongoji. Na eneo lililoshindwa kumtoa mwizi liliwajibika kwa hasara. Polisi wa London walianzishwa mwaka 1829, na ilipofika mwaka 1856 tu ndipo kila jimbo la Uingereza lilipolazimishwa kisheria kuwa na polisi wake. Kwa hiyo si aibu kwa wananchi kujilinda pale mkono wa serikali usipofika. Swali ni moja tu: mwizi akishakamatwa, anapelekwa wapi?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mwanzoni baadhi ya sungusungu walikamatwa na kushtakiwa kwa kujichukulia sheria mkononi. Hata hivyo Mwalimu Nyerere na Mzee Rashidi Kawawa waliwaunga mkono, wakiona ndani yao nguvu ya umma iliyoamka. Hatimaye, mwaka 1989, sheria za mgambo zilirekebishwa, na sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata. Tunarudia: ya kukamata. Hawakupewa mamlaka ya kuhukumu, wala ya kutesa, wala ya kugawana ng'ombe wa mtuhumiwa.

Sheria hiyo ilipitishwa wakati wa urais wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki dunia Februari 29, 2024. Wasomaji wetu wa visiwani wanamjua kama mtu wao. Sisi wa huku tunamkumbuka kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika uchunguzi wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi waliteswa na maofisa wa dola, na baadhi yao wakafa. Mzee Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, wala hakuagiza mtu apigwe. Hata hivyo, mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya dhamana yake. Baadhi ya maofisa hao walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Ikiwa waziri alikiacha kiti chake kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa serikali, mtemi wa sungusungu ana hoja gani anapofumbia macho mtuhumiwa anayepigwa chini ya mkuyu? Na ofisa wa serikali anayelijua jambo hilo na kunyamaza, naye ana hoja gani? Katiba yetu, katika ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na inapiga marufuku mateso na adhabu za kudhalilisha. Haikusema kwamba mwizi wa ng'ombe hayumo.

Zaidi ya hayo, tuwakumbuke akina mama wazee wa nchi hii, ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi waliyopikia miaka yote, kisha wekundu huohuo ukafanywa ushahidi wa uchawi. Nguvu ya umma isiyo na mizani inaweza kumtafuta mwizi usiku na kumalizia kwa bibi asiye na mtetezi alfajiri.

Hatusemi sungusungu wavunjwe. Zizi lililolala salama Bariadi lina deni kwao. Tunasema kila mtuhumiwa afikishwe kituoni akiwa mzima, na jina lake liandikwe pamoja na saa aliyokamatwa. Tunasema faini zikubaliwe na mkutano wa kijiji na zitolewe stakabadhi. Na tunawaambia maofisa: anayewapokea watuhumiwa kwa uvivu au kwa rushwa, akamwachia mwizi aende zake, huyo ndiye anayewafundisha wananchi kutoamini mahakama. Mwano utaendelea kupigwa, na wananchi watatoka. Kazi ya serikali ni kuhakikisha kwamba mwisho wa mbio hizo pana hakimu.