Gitaa Mapajani: Kupiga kwa Chuma na Kupatanisha Nyuzi Upya

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa redioni. Mwalimu wa darasa ayasome polepole, na wanafunzi wafuate kwa macho. Kama darasani lipo gitaa, liwekwe mezani kabla ya kuanza.)

Juma lililopita niliahidi somo la mbolea. Leo nimeliweka kando kwa sababu ya barua.

Barua yenyewe imetoka Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa mwanafunzi wa darasa la jioni. Ameiandika kwa mkono wake, kurasa mbili, na makosa yake ni machache. Jina lake silitaji, maana ameomba hivyo. Yeye alikuwa mpiga gitaa. Mwaka juzi mashine ya kukoboa mpunga ilimkamata mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kati vilikatwa, na cha shahada hakikunjiki tena. Gumba ni zima. Tangu siku ile gitaa limetundikwa ukutani. Sasa amepatikana mtu wa kulinunua, naye anauliza, "Je, niliuze? Au iko namna ya kupiga gitaa bila vidole vya kushoto?"

Namna iko, tena si ya kubahatisha. Watu wameipiga kwa zaidi ya miaka 100.

Tazameni kwanza kazi ya mkono wa kushoto katika upigaji wa kawaida. Shingo ya gitaa imekatizwa na vijiti vyembamba vya chuma, ambavyo wapigaji huviita freti. Mkono wa kulia unakwanyua nyuzi, na vidole vinne vya kushoto vinabonyeza nyuzi nyuma ya freti, kila kidole mahali pake. Kukosa kidole kimoja ni shida. Kukosa vitatu ni kunyamaza.

Sasa fanyeni mambo mawili. La kwanza, lilazeni gitaa mapajani, uso wake ukitazama juu, kama mama anayechagua mchele kwenye ungo. La pili, wekeni juu ya nyuzi kitu kigumu na laini: chupa ndogo ya dawa, mgongo wa kisu, au ile soketi ambayo mafundi magari hutumia kufungulia nati. Kitu hicho kinalala juu ya nyuzi kwa uzito wake chenyewe. Mkono wa kushoto haubonyezi tena. Unakisukuma tu, kwenda na kurudi. Kazi ya vidole vinne imechukuliwa na kipande kimoja cha chuma, na mkono wenye gumba zima na kiganja kizima unatosha kukishika.

Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza kupiga gitaa la kawaida kwa namna hii alikuwa kijana wa shule, Joseph Kekuku, wa visiwa vya Hawaii katika bahari ya Pasifiki. Alizaliwa mwaka 1874, na ugunduzi wake ulikuwa katika miaka ya 1880. Alijaribu vitu vya chuma vya kila aina mpaka akapata fimbo ya chuma iliyomridhisha. Mwaka 1904 alikwenda Marekani, na wenzake wengi wakafuata. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, santuri za magitaa ya Hawaii zilinunuliwa mno.

Walakini kusini mwa Marekani watu weusi walikuwa na mambo yao. Hao ni watoto na wajukuu wa watumwa walioachwa huru mwaka 1865. Wengi walilima pamba katika mashamba ya watu wengine, na mwisho wa mwaka walibaki na madeni. Nyimbo zao zinaitwa blues. Mwanamuziki mmoja, W. C. Handy, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1941 jinsi alivyosinzia katika stesheni ndogo ya Tutwiler, jimbo la Mississippi, karibu mwaka 1903, akingoja treni iliyochelewa. (Aliyewahi kungoja treni usiku kucha atamwelewa.) Alipozinduka alimwona mtu amekaa karibu naye, nguo zimechakaa, anapiga gitaa huku akiteleza kisu juu ya nyuzi. Handy alisema ulikuwa muziki wa ajabu kuliko wote aliowahi kuusikia.

Sasa msikilizeni mtu wa tatu, maana huyu ndiye jibu la barua yetu. CeDell Davis alizaliwa Helena, jimbo la Arkansas, mwaka 1926. Akiwa mtoto wa kiasi cha miaka kumi alipata ugonjwa wa polio. Alipona, lakini mikono ilidhoofika, na vidole havikuweza tena kubonyeza nyuzi. Akachukua kisu cha meza cha mama yake. Aligeuza gitaa, akashika kisu kwa mkono wa kulia na kukwanyua nyuzi kwa mkono wa kushoto. Sauti yake ilikwaruza masikio ya wengine, maana kisu hakikai sawasawa kama fimbo ya fundi. Mimi naipenda hivyo hivyo. Aliishi kwa kazi hiyo, akarekodi santuri, akafariki mwaka 2017 akiwa mzee wa miaka 90 na kitu.

Mtasema, haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi wa nyanda za juu? Kumbukeni Wenela. Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Rungwe na wilaya za jirani waliandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko walisikia gramafoni, na waliona magitaa. Majirani zetu wa Malawi walikwenda pia, na kwao mtindo wa kuteleza chupa juu ya nyuzi ukapata jina: hauyani. Neno hilo ni Hawaii iliyopita katika vinywa vya watu. Daniel Kachamba wa Malawi, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 1987, alijulikana zaidi kwa muziki wa kwela, lakini hauyani aliijua pia. Toka Mwanjelwa hadi mpaka wa Malawi ni safari ya saa chache kwa basi, kwa hiyo jambo hili si geni la kutoka mbali sana.

Wala wazee wa Iringa hawatashangaa. Ligombo la Wahehe ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, na nyuzi zimetandazwa juu yake. Halina shingo wala freti. Kila uzi unatoa sauti yake moja tu, basi mpigaji hana budi kuzipatanisha nyuzi zote na wimbo wake kabla hajaanza. Bwana Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa wenyeji, ligombo lilikuwa miongoni mwa ala alizozinasa. Lakini msije mkadhani kwamba blues imetoka kwetu. Mtaalamu Gerhard Kubik, aliyesafiri sana Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1999 kwamba mizizi yake mingi iko Afrika ya Magharibi, katika nchi za ukanda wa Sudani. Sisi ni jirani tu, lakini jirani naye hualikwa ngomani.

Mfano wa ligombo unatuleta kwenye jambo kubwa la leo. Ukiteleza chupa juu ya gitaa lililopatanishwa kwa kawaida, utapata makelele. Sababu ni nyepesi. Chupa imenyoka. Inagusa nyuzi zote mahali pamoja, haiwezi kuruka uzi huu na kugusa ule. Kwa hiyo nyuzi zenyewe lazima ziwe zimekubaliana kabla ya chupa kufika. Lazima gitaa likikwanyuliwa wazi, bila mkono wa kushoto, litoe sauti tamu ya pamoja.

Waliowahi kuimba kwaya wanajua do, re, mi. Hilo latosha, hatuhitaji chombo cha kupimia.

Anza na gitaa lililopatanishwa kwa kawaida. Uzi mwembamba kabisa ni wa kwanza, na uzi mnene kabisa ni wa sita. Usiguse uzi wa pili, wa tatu na wa nne. Hizo tayari zinapatana: wa nne ni so, wa tatu ni do, wa pili ni mi. Kwanyua hizo tatu, uimbe: so, do, mi. Sasa legeza uzi wa kwanza taratibu, mpaka usikike kama uzi wa nne, ila kwa sauti ya juu. Ni kama mume na mke wakiimba neno moja: sauti ni mbili, noti ni moja. Kisha legeza uzi wa sita, nao ufanane na wa nne, ila kwa sauti ya chini. Mwisho legeza uzi wa tano mpaka ufanane na wa tatu, kwa sauti ya chini. Sasa kwanyua zote kuanzia uzi mnene: so, do, so, do, mi, so.

(Hapa gitaa linapigwa mara tatu.)

Angalieni kwamba tumelegeza tu, hatukukaza hata uzi mmoja. Ziko namna nyingine zinazokaza nyuzi ili sauti iwe kali. Mimi nilianza kwa hizo, kwa kiburi cha mwenye diploma. Uzi wa tatu ulikatika ukanichapa shavuni, na alama ilionekana siku mbili. Tena gitaa la mbao nyembamba linaweza kupinda shingo likikazwa mno, na nyuzi za kununua tena ni fedha. Basi legezeni.

Kuna tatizo moja dogo. Nyuzi za gitaa la kawaida zimelala karibu sana na shingo, na chupa itagonga freti. Dawa yake ni hii: legeza nyuzi zote, upenyeze kipande cha penseli au msumari mnene chini yake, pale shingo inapokutana na kichwa, halafu patanisha tena. Nyuzi zitainuka. Siku ukitaka gitaa lako la zamani, ondoa msumari.

Haya, sasa blues. Weka chupa juu ya freti yenyewe. Vidole hubonyeza nyuma ya freti, lakini chupa hukaa juu yake kabisa, la sivyo sauti itapotoka. Nyuzi wazi ni nyumbani, ni do. Freti ya tano ni fa. Freti ya saba ni so. Ya kumi na mbili ni nyumbani tena, kwa sauti ya juu. Mahali ni patatu tu, na nyimbo nyingi sana za blues hazina zaidi.

Hesabu moja, mbili, tatu, nne kwa mguu. Hiyo ni zamu moja. Zamu nne kaa nyumbani. Zamu mbili nenda freti ya tano. Rudi nyumbani zamu mbili. Kisha zamu moja freti ya saba, zamu moja freti ya tano, na zamu mbili nyumbani. Jumla ni zamu 12, na wimbo unaanza upya. Mwanafunzi wa hesabu ajumlishe mwenyewe.

Lakini mtu akifuata hesabu hiyo tu, atakuwa anapiga kengele ya shule. Utamu wa blues uko mahali pasipo na freti. Chukua uzi wa tatu, ule wa do. Freti ya nne inatoa mi ya kwaya, mi ya furaha. Freti ya tatu inatoa mi iliyoshuka, yenye huzuni. Sasa anza kwenye freti ya tatu uteleze kuelekea ya nne, usifike. Simama njiani. Sauti hiyo haimo katika kinanda cha kanisani, lakini imo kooni mwa mwanadamu. Mama anayembembeleza mtoto huipita, na mtu anayelia msibani huipita. Vidole vinavyobonyeza freti huipata kwa kuvuta uzi tu. Chuma kinaipata bila shida. Hapa mwenye mkono mzima hamzidi mwenye mkono mbovu hata kidogo.

Kama sauti inanguruma vibaya, sababu ni kipande cha uzi kilicho nyuma ya chupa, upande wa kichwa, ambacho nacho kinalia. Weka sehemu yoyote ya mkono pale, kidole kisichokunjika au ukingo wa kiganja, inyamazishe. Kidole kigumu kinafaa sana kwa kazi hiyo.

Ndugu yetu wa Mwanjelwa, hayo ndiyo majibu yangu. Chukua chupa au soketi, ishike kati ya gumba na kiganja. Ikiteleza, ifunge kitambaa upande wa juu. Mkono wa kushoto ukikataa kabisa, badili kama Davis: chuma kulia, na kwanyua kwa gumba la kushoto. Siku saba za kwanza fanya nyumbani, tano, nyumbani, bila kutafuta wimbo. Siku saba zinazofuata tafuta ile mi ya njiani. Kwa siku 14 jirani watalalamika, wavumilie nao wakuvumilie. Baada ya hapo tuandikie tena, kurasa mbili kama hizi. Mnunuzi akija kabla ya siku hizo kwisha, mwambie gitaa liko kazini.

Juma lijalo, saa hizi hizi, ni mbolea ya samadi na mahindi. Walimu, leteni debe moja na jembe.