Draiva Haitafutwi kwa Jina la Boksi

Mteja akiniletea mausi isiyo na waya akasema, "Fundi, niwekee draiva," mimi huanza na kifuniko cha betri. Mara nyingi kazi huishia hapo. Betri za bei poa huvuja, vile vibati vya ndani vinashika kutu ya kijani, umeme haupiti. Kwangua kwa wembe, weka betri nyingine, mausi inaamka. Wengine wananiangalia kwa mashaka, wakidhani nimewaficha sehemu ya kazi.

Ninatengeneza kompyuta hapa Ngara mjini. Nina wateja Biharamulo pia, kwa hiyo mara kwa mara huteremka kupitia Benaco, Nyakahura na Lusahunga nikiwa na begi la flashi na waya. Kote huko nakuta imani mbili. Ya kwanza, kwamba kila kifaa kisicho na waya kinadai draiva. Ya pili, kwamba draiva hutafutwa kwa kuandika jina lililo kwenye boksi, kisha kubonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Download". Imani hii ya pili imejaza virusi kwenye kompyuta nyingi za huku kuliko flashi za mitaani.

Draiva ni programu inayoielekeza Windows namna ya kuzungumza na kifaa fulani. Kwa mausi na kibodi, makampuni yalikwisha kukubaliana lugha moja tangu USB ilipoingia miaka ya 1990, na Windows inakuja ikiwa inaijua. Ukichomeka risiva, ile ndogo kama ukucha, subiri sekunde chache tu. Kama mausi haisogei na betri ni nzima, angalia risiva yenyewe. Mausi nyingi hufungamanishwa na risiva yake kiwandani. Risiva ikidondoka ndani ya basi, mausi hiyo imebaki pambo. Baadhi ya bidhaa za Logitech zina nafuu. Risiva zao zenye alama ya nyota ya rangi ya chungwa, zilizoanza kutoka mwaka 2009, hubeba vifaa hadi 6 na unaweza kununua nyingine ukaiunganisha upya. Ila zile za Logi Bolt, zilizokuja mwaka 2021, hazielewani na hizo za nyota.

Kuna kisa kingine kinachowasumbua wengi: mausi inakwamakwama kila flashi au diski ya nje inapochomekwa. Matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi huwa ya bluu, hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na humo ndimo mausi inamozungumzia. Intel walilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka 2012. Hamishia risiva tundu la upande wa pili, au tumia waya mfupi wa kurefushia USB. Hakuna draiva itakayotibu hilo.

Draiva inakuwa shida ya kweli kwenye vifaa vya kunasa Wi-Fi, vile vya USB vyenye antena fupi. Watu huvinunua kwa sababu kompyuta nyingi za huku ni za mezani, au ni laptopu zilizokwishatumika ambazo Wi-Fi yake imekufa. Ndani ya boksi kuna sidii ndogo, na laptopu haina mahali pa kuiweka. Hapo mteja anakwama: ili apate intaneti anahitaji draiva, na ili apate draiva anahitaji intaneti.

Mwalimu mmoja wa upande wa Rulenge aliniletea laptopu iliyovushwa kutoka Burundi pamoja na kifaa cha namna hiyo. "Fundi, walichoandika kwenye boksi nimekitafuta mpaka bando limeisha," akaniambia. Boksi lilikuwa na neno moja kubwa, "Wireless", na chini yake herufi ambazo kampuni kumi tofauti zinaziandika. Hata ningekuwa mimi nisingefika popote kwa njia hiyo. Jina la boksi ni kama jina la utani la kijiweni. Kifaa kina namba yake ya kitambulisho ndani, kama ile ya NIDA.

Namba hiyo inaonekana bila kufungua kitu. Windows ya mwalimu ilikuwa ya Kifaransa, na kibodi yake ndiyo ile ya Kifaransa ambayo A imekaa mahali pa Q na nukta haiandikiki bila Shift. Lugha haizuii kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, na orodha ya vifaa vyote itafunguka, iwe inaitwa Device Manager au Gestionnaire de périphériques. Kifaa kisichotambuliwa kina alama ya njano. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ingia kwenye sifa zake, kisha sehemu ya maelezo, uchague Hardware Ids, kwa lugha yoyote itakayoandikwa. Cha mwalimu kilisema VID_148F na PID_7601.

VID ni namba ya kampuni, PID ni ya bidhaa. 148F ni Ralink, kampuni ya chipu iliyonunuliwa na MediaTek mwaka 2011. Kampuni imemezwa, namba imebaki. 7601 ni chipu MT7601, inayopatikana ndani ya vifaa vya majina chungu nzima. Ukiona 0BDA, hiyo ni Realtek. 046D ni Logitech. Ukishajua hivyo, boksi unaweza kuwashia moto.

Namba nayo inaweza kudanganya, nisije nikaonekana nimelificha hilo. Kuna vifaa vya Bluetooth vya bei ya chini vinavyojitambulisha kwa 0A12 na 0001, namba za kampuni ya Uingereza ya CSR iliyonunuliwa na Qualcomm mwaka 2015. Vingi ni vya kuiga. Draiva halali unaweka, kifaa kinagoma. Hapo rudisha dukani.

Intaneti ya kushushia draiva inatoka kwenye simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Kompyuta inapata intaneti kupitia waya, hata kama Wi-Fi haipo kabisa. Ukiwa Kabanga au Rusumo uwe mwangalifu: simu inaweza kushika mnara wa Burundi au Rwanda, na salio likayeyuka. Zima roaming, uchague mtandao wa nyumbani kwa mkono.

Baada ya hapo iache Windows Update itafute yenyewe, ikiwa ni pamoja na zile nyongeza za hiari. Ikishindwa, nenda kwenye Microsoft Update Catalog uandike namba ile ya VID na PID. Hilo ni ghala la Microsoft wenyewe, halina kitufe cha kijani. Hakikisha kama Windows yako ni ya biti 32 au 64 kabla hujamaliza bando. Pengine pa kwenda ni tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au chipu. Programu zinazojinadi kwamba zitakusasishia draiva zote, zikikuonyesha maandishi mekundu kwamba draiva zako zimepitwa na wakati, mimi nazifuta kila ninapozikuta. Zinatisha watu ili zilipwe.

Je, draiva inayofanya kazi isasishwe? Kwa maoni yangu iache, isipokuwa kifaa kina kasoro au kuna tundu la usalama. Matundu ya namna hiyo yapo kweli. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kwamba mausi na kibodi kadhaa zisizo na waya zingeweza kupokea maandishi kutoka kwa mtu mwenye redio aliyeko mbali kidogo, kana kwamba mwenye kompyuta ndiye anayeandika. Logitech walitoa programu mpya ya kuwekwa ndani ya risiva zao. Ofisi inayoshika fedha za watu haina budi kuangalia jambo hilo.

Biharamulo nako, steshenari moja iliniita dirisha la mikopo ya wanafunzi ya HESLB likiwa wazi. Wanafunzi wamejaa mlangoni na fomu zao, printa ya Wi-Fi imegoma. "Kaka, jana tumepiga Windows mpya," dada wa pale akasema, na nikajua draiva imefutika. Alikuwa anashusha furushi zima la kampuni ya printa, mamia ya MB, kwa mtandao wa kusuasua. Printa nyingi za miaka ya karibuni hazilihitaji ili kuchapa. Tuliirudisha printa kwenye Wi-Fi ya ofisi, tukaiongeza kupitia mipangilio ya Windows, ikajiwekea draiva ya jumla ambayo tayari ilikuwa humo. Ni kuskani tu ndiko mara nyingine kunadai programu ya kampuni, na hiyo inaweza kusubiri usiku.

Huko kupiga Windows ndiko kunakozalisha nusu ya kazi zangu, na kumeongezeka tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anafuta kila kitu, draiva zikiwemo, kisha mwenye kompyuta anaanza kuzisaka upya kwa bando lake. Kwa hiyo ukipeleka kompyuta kupigwa Windows, mwambie fundi kabla hajafuta chochote atengeneze folda kwenye flashi, tuseme D:\Draiva, afungue Command Prompt kama msimamizi, aandike pnputil /export-driver * D:\Draiva. Draiva zote zilizoongezwa baadaye kwenye mashine zitanakiliwa humo. Windows mpya ikishakaa, ataielekeza Device Manager kwenye folda hiyo hiyo. Akikuambia haiwezekani, mpe flashi na karatasi hii asome mwenyewe.