Delcat Idengo: Rap ya Beni mbele ya mahakama ya kijeshi

Delcat Idengo, ambaye jina lake kamili lilikuwa Delphin Katembo Vinywasiki, alikuwa mwanamuziki na mwanaharakati wa Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2021 nyimbo zake zilimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2024 alirudi gerezani, na tarehe 13 Februari 2025 akauawa kwa kupigwa risasi mjini Goma. Kati ya nyimbo zake zilizovuma sana ni "Politiciens escrocs", yaani wanasiasa matapeli, na "Bunduki". Kwa wafuasi wake, hizo zilikuwa nyimbo za ukweli mchungu. Kwa serikali na jeshi, zilikuwa matusi na uchochezi.

Giza la nyimbo za aina hii lina historia. Tangu Oktoba 2014, mji wa Beni na vijiji vinavyouzunguka vimekumbwa na mauaji ya raia ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda ambalo tangu mwaka 2019 mashambulizi yake yamekuwa yakidaiwa pia na Dola la Kiislamu. Watu wamechinjwa kwa mapanga mashambani na hata ndani ya mji, kama ilivyotokea mtaani Rwangoma Agosti 2016. Oicha, Mbau, Eringeti na Kamango ni majina ambayo wakazi wengi wa eneo wanaloliita Grand Nord huyasikia kwanza katika habari za mazishi.

Balaa hilo lilifuatwa na mengine. Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kuanzia Mangina, karibu na Beni. Ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Katikati ya ugonjwa huo, uchaguzi wa rais wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa kabla wakazi wa miji hiyo miwili hawajapiga kura. Novemba 2019, vijana wa Beni waliokuwa na hasira ya mauaji yasiyokoma walichoma jengo la meya na kuvamia kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Kizazi kilichoanza kurap miaka hiyo kilikuwa kimeshapoteza imani kwa serikali ya Kinshasa, kwa jeshi na kwa walinda amani.

Muziki wenyewe hutengenezwa kwa vifaa vichache. Chumba kimoja, kompyuta, kipaza sauti na fundi wa midundo hutosha. Mtu anayetafuta albamu kamili yenye jalada na orodha ya nyimbo anaweza asiipate, kwa sababu nyimbo hutoka moja moja, mara nyingi siku chache baada ya tukio linaloimbwa. Kisha husafiri kutoka simu hadi simu, kwa WhatsApp pale mtandao unaposhika na kwa kadi za kumbukumbu pale usiposhika. Ndiyo maana wimbo uliorekodiwa Beni huweza kusikika Butembo, Lubero na Kayna bila kupigwa redioni hata mara moja. Kiswahili hubeba ujumbe hadi Goma na Bunia, Kinande huongea na watu wa nyumbani, Kilingala huwalenga askari na Kinshasa, na Kifaransa hutumika kwa yale yanayotakiwa kuwafikia mawaziri.

Upande wa maudhui, rap hii inatofautiana na muziki wa dansi wa Kongo ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitaja majina ya matajiri na wakubwa ili kuwasifu. Wanarap wa Beni nao hutaja majina, ila kwa kuuliza maswali: nani alikuwa zamu usiku wa mauaji, fedha za operesheni zilikwenda wapi, mbunge alionekana lini mara ya mwisho. Idengo aliwashambulia wanasiasa, akalishambulia jeshi, na baadaye akawashambulia waasi wa M23. Ukali wake ndio uliozua mabishano. Waliomtetea walisema anatamka hadharani yale ambayo watu huyasema kwa kunong'ona. Waliompinga walisema kuwa katika mji wenye vikundi vingi vya silaha, wimbo unaowavunjia heshima askari unaweza kuwasukuma vijana msituni.

Mabishano hayo yangeweza kubaki vijiweni kama sheria isingebadilika. Tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, inayojulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, état de siège. Magavana wa kiraia waliondolewa na nafasi zao kushikwa na maofisa wa jeshi na polisi. Mahakama za kijeshi nazo zilipewa kesi za jinai za raia. Katiba ya mwaka 2006 inaruhusu jambo hilo: kifungu cha 156 kinasema mahakama za kijeshi ni za wanajeshi na polisi, lakini kinampa rais uwezo wa kusimamisha kazi ya mahakama za kawaida wakati wa vita au wa hali ya dharura. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 23, inalinda uhuru wa kutoa maoni.

Msanii wa Beni alijikuta katikati ya vifungu hivyo viwili. Novemba 2021 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanamuziki wawili kwa kosa la kulidharau jeshi katika nyimbo zao. Idengo alipewa miaka 10, na Muyisa Nzanzu Makasi miaka 2. Mashirika ya haki za binadamu, yakiwemo Human Rights Watch na Amnesty International, yaliitaja kesi hiyo kama mfano wa jinsi hali ya dharura, iliyotangazwa ili kupambana na vikundi vya silaha, ilivyogeuzwa kuwanyamazisha wakosoaji. Idengo hakumaliza kifungo hicho. Aliachiwa mapema na kurudi kwenye muziki.

Mwezi huohuo wa Novemba 2021, Kinshasa ilikuwa na kisa chake. Tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho, yenye sheria zake tangu mwaka 1996, ilipiga marufuku wimbo "Nini tosali te" wa kundi la MPR, pamoja na "Lettre à Ya Tshitshi" wa mwanarap Bob Elvis uliomlenga Rais Félix Tshisekedi. Wananchi walipiga kelele, na marufuku dhidi ya wimbo wa MPR ikaondolewa haraka. Ukilinganisha visa hivyo, tofauti ni kubwa. Kinshasa wimbo ulikabiliwa na tume ya kiraia, na mashabiki wa mji mkuu waliweza kuishinikiza. Beni mwimbaji mwenyewe alisimamishwa mbele ya majaji wenye sare.

Nchi nyingine nazo zimepambana na wanarap. Marekani mwaka 1989, ofisa wa FBI aliiandikia kampuni ya muziki ya kundi la N.W.A. kulalamikia wimbo wao dhidi ya polisi, lakini hakuna aliyefungwa kwa ajili ya wimbo huo. Tanzania, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo "Wapo", kisha Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Katika visa hivyo, mwanarap alikuwa na mamlaka moja tu ya kukabiliana nayo. Kivu Kaskazini zipo zaidi ya moja, na zinapigana.

Jambo hilo lilidhihirika mwisho wa maisha ya Idengo. Mwaka 2024 alikamatwa tena na kufungwa katika gereza la Munzenze, Goma. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo, M23 waliteka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, kusini mwa Lubero, na vita vikasogea upande wa Butembo. Tarehe 27 Januari 2025 waliingia Goma, na siku hiyo maelfu ya wafungwa wakatoroka Munzenze. Idengo alikuwa mmoja wao. Alibaki Goma na kuendelea kuimba, safari hii dhidi ya watawala wapya wa mji. Hata wiki tatu hazikutimia kabla ya kupigwa risasi akiwa anarekodi video ya wimbo.

Serikali ya Kinshasa, iliyokuwa imemfunga, ililaani kifo chake na kuwatupia lawama M23, nao wakazikataa. 

Mazingira yaliyozaa rap hii yamebaki. Beni na Butembo zimeendelea kuwa chini ya hali ya dharura, ambayo imekuwa ikirefushwa kwa siku 15 kila mara. Kuanzia Kayna kushuka hadi Goma, sheria ya kila siku imekuwa ya M23. Upande mmoja, msanii anayeuliza kwa nini jeshi halikufika anaweza kushtakiwa kwa kulidharau. Upande wa pili, anayewaimba waasi vibaya hana hata mahakama ya kukatia rufaa.