Wakwezi wa Kioo na Majabali ya Mara

Msafiri atokaye Tarime mjini akaishika njia ya Nyamwaga na Nyamongo, akauvuka Mto Mara na kuelekea Mugumu, hatamaliza kuyahesabu majabali atakayoyapita kulia na kushoto, kwani yamesimama mashambani na malishoni, mengine peke yake, mengine yamebebana juu kwa juu hata mgeni akadhani yataporomoka muda si mrefu, ilhali yako katika hali hiyo tangu zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuyatazama. Wenyeji wana matumizi yao. Juu ya mwamba bapa huanikwa udaga; mchungaji hupanda kutazama ng'ombe wake wamefika wapi; na penye wateja wa kokoto jabali huwashiwa moto mpaka likapasuka, kisha likapondwa na kuuzwa kwa lori. Ama kulikwea jabali kwa ajili ya kulikwea tu, bila ng'ombe wala kokoto, huo ni mchezo, tena mchezo wenye kanuni zake, vifaa vyake na medali zake za Olimpiki, na ajabu iliyopo ni kwamba kijana wa Tarime au wa Mugumu ana nafasi kubwa zaidi ya kuujua kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu kuliko kwa vidole vyote kumi juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba ya baba yake.

Itafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwetu aghalabu huchanganywa. Mgeni anayepanda Kibo kwa njia ya Marangu na kufika mita 5,895 juu ya usawa wa bahari amefanya kazi kubwa ya miguu na mapafu, wala hatumpunguzii sifa, lakini hakukwea, alitembea. Mkwezi wa majabali ni yule ambaye mikono yake ina kazi sawa na miguu yake, na ambaye akiachia ataanguka. Kwa maana hiyo tarehe ya ukwezi katika Tanganyika ya zamani inataka itafutwe si Kibo bali kwa jirani yake Mawenzi, kilele cha mawe yanayomeguka chenye mita 5,149, ambacho Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walikifikia kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Mlima Kenya ulikwisha kutangulia, maana mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian, baada ya safari ndefu ambayo mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Ikapita miaka 30 kabla ya Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kukifikia tena kilele hicho.

Hata hivyo mwalimu bora wa taaluma hii hakutoka Ulaya. Katika kituo cha wageni cha Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kipo kilima cha mawe ambacho wageni hukizunguka kwa miguu, na mwenye nyumba hapo ni pimbi, mnyama wa kimo cha sungura, mwenye kucha butu zisizoweza kushika kitu, ambaye hupanda uso wa jabali uliosimama karibu wima, akageuka, akashuka, kisha akajilaza juani kana kwamba hakufanya lolote. Siri yake iko nyayoni. Wayo wa pimbi ni nyama nene isiyo na manyoya, yenye tezi za jasho zinazouweka na unyevu daima, kiasi cha kuufanya ule ulaini ujipatanishe na kila chembe ya mwamba na kuushika kwa msuguano mtupu. Mbuzi mawe, aishiye katika miamba hiyohiyo, amepewa hila nyingine: yeye husimama juu ya ncha za kwato zake, hata miguu yote minne ikaenea mahali ambapo binadamu asingetua kisigino kimoja.

Kiatu cha mkwezi kimefuata njia ya pimbi. Soli yake ni mpira laini usio na meno wala mistari, nacho huvaliwa kikiwa kimebana hasa, vidole vikiwa vimejikunja ndani, ili mguu mzima uwe kitu kimoja na uweze kusimama juu ya ukingo mwembamba wa jiwe. Itale, ambalo ndilo jiwe la vilima vingi vya Serengeti, lilipikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Udongo na mawe laini yaliyolifunika yakaondoka kidogo kidogo kwa mvua na upepo, nalo likabaki wazi, joto la mchana na baridi ya usiku vikilibambua ganda baada ya ganda hata likapata lile umbo la duara. Uso wake una chembechembe zinazokwaruza kiganja, na kwa mkwezi huo mkwaruzo ni neema. Mwanafunzi asiyelijua hili hulikumbatia jabali kwa hofu, kifua na tumbo vikigusa jiwe, na papo hapo miguu yake huanza kuteleza, kwa kuwa uzito wote umehamia mikononi. Ilhali mkwezi wa minazi wa Pwani, ambaye hakusomea popote, hukiweka kiwiliwili chake mbali kidogo na shina ili nyayo zipate kusukuma na kushika. Mikono hunyooshwa, mifupa ibebe kazi ambayo misuli ingechoka nayo mara moja, na kiungo kimoja tu huondolewa kwa wakati, vile vitatu vikibaki mahali pake.

Sasa tuje kwenye gemu, ambazo zimekuwa zikijaribu kuiga mambo haya kwa zaidi ya miaka 40, aghalabu vibaya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba za mwanzo zilikaribia ukweli kuliko nyingi zilizofuata. Mwaka 1980 kampuni ya Kijapani iitwayo Nichibutsu ilitoa *Crazy Climber*, mashine ya kuchezewa katika kumbi za starehe, isiyo na kitufe cha kubonyeza bali mipini miwili, mmoja kwa mkono wa kushoto wa yule mkwezi na mwingine kwa mkono wake wa kulia, naye akiparamia ghorofa ndefu huku madirisha yakifungwa mbele ya uso wake na watu wakimwangushia vyungu vya maua. Upuuzi, naam, lakini mchezaji alilazimika kufikiri mkono kwa mkono. Baadaye ikaja mitindo ya mashujaa wanaoparamia kuta zote za dunia kwa kusukuma kidude kimoja mbele, na *Assassin's Creed* ya mwaka 2007 ndiyo iliyoieneza kuliko zote; humo ukuta umegeuzwa ngazi, na shujaa hachoki, hatetemeki, wala hachagui pa kushika. Mimi huuona ukwezi wa namna hiyo kuwa pambo tu. Wale waliokuwa na PlayStation 2, mashine ambayo kwetu ilipata umaarufu kwa mpira wa miguu, huenda wakaikumbuka *Shadow of the Colossus* ya mwaka 2005, ambayo ndani yake kijana hupanda miili ya majitu makubwa kwa kushika manyoya yao, na duara dogo pembeni ya kioo hupungua kadiri mshiko wake unavyolegea. Pale kupanda kulianza kuwa na gharama.

Aliyeifikisha gharama hiyo mpaka mwisho ni mtu mmoja wa Australia, Bennett Foddy, ambaye alikuwa mwanafalsafa kabla ya kujulikana kwa gemu. Katika *GIRP*, aliyoitoa mwaka 2011, kila kishikio cha mwamba kimeandikwa herufi, na mchezaji hana budi kuendelea kuibonyeza herufi ya kishikio alichoshika huku akiitafuta herufi ya kile anachokitaka, hata vidole vyake vikasukana juu ya kibodi, na chini maji yanapanda. Kisha mwaka 2017 akatoa *Getting Over It*, inayopatikana hata kwenye simu, ambayo mtu wake, aitwaye Diogenes kwa jina la yule mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi ndani ya pipa, ameketi katika chungu cha chuma mpaka kiunoni na hana chombo ila nyundo ndefu ya kujivutia juu ya mlima wa mawe na takataka. Hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika. Ukikosea karibu na kilele unaweza kuporomoka mpaka ulipoanzia, na sauti ya Foddy mwenyewe itakupa pole kwa maneno ya hekima ambayo wakati huo huyataki. Hapana mkwezi wa kweli anayepanda akiwa chunguni. Lakini ile hali ya kusita mbele ya hatua moja, roho juu, ukijua kwamba chini yako iko kazi yote uliyokwisha kuifanya, hiyo Foddy ameipata kwa namna ambayo gemu nyingi zenye picha nzuri hazikuipata.

Miaka ya karibuni imeleta kizazi chenye adabu zaidi. *Jusant*, ya kampuni ya Don't Nod ya Paris, ilitoka Oktoba 2023 na kurudi kwenye fikira ileile ya mipini miwili ya 1980: kitufe cha kushoto ni mkono wa kushoto, cha kulia ni mkono wa kulia, na ukiachia vyote viwili umeanguka, isipokuwa kamba itakudaka. *Cairn*, ya The Game Bakers wa Montpellier, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2026, imekwenda mbali zaidi, kwani mchezaji huhamisha mkono na mguu mmoja mmoja na kuuweka mahali hasa anapotaka, wala hapana mstari wa kumwonyesha nguvu zilizobaki. Hana budi kumtazama mkwezi mwenyewe, Aava, asikie pumzi zake na auone mguu ukianza kutetemeka. Nayo *PEAK* ya mwaka 2025, iliyouzwa kwa mamilioni ndani ya miezi michache, ni ya mzaha, lakini ndani ya mzaha wake mna hisabu nzuri: njaa, majeraha na uzito wa mkoba vyote hula sehemu ya nguvu za kupandia, na marafiki wasiozidi wanne huvutana mikono kwenye kingo, huku sauti ya aliyeachwa nyuma ikififia kadiri wenzake wanavyokwenda mbele.

Katika haya yote mna ilimu ya kweli, nayo ni ya kusoma njia. Mkwezi hodari husimama chini ya jabali kitambo, akaipanga njia kwa macho, hapa ufa wa vidole, pale ukingo wa mguu, pale pa kupumzikia, kabla hajagusa jiwe. Na kijana aliyecheza *Cairn* vya kutosha ataanza kuyatazama hivyo mawe ya kwao. Lisilomo, wala sidhani kama litaingia, ni mtu wa kushika kamba. Katika ukwezi wa kweli mwanzo wa kamba umefungwa kwa fundo la nane kwenye mkanda wa kiunoni wa anayepanda, na sehemu ya pili inapita katika chuma kidogo kilichoning'inia kiunoni mwa mwenziwe aliye chini, ambaye hutoa kamba pima kwa pima, asilegeze ikazidi wala asikaze ikamvuta, na mkono wake mmoja haruhusiwi kuuondoa kwenye kamba hata ajapoumwa na siafu. Kabla ya kuanza hukaguana mafundo. Kamba yenyewe ni ya nailoni inayonyumbuka, kwa makusudi, ili kuanguka kumalizike kwa kuvutwa polepole badala ya kukatwa ghafula.

Ama mashindano makubwa ya mchezo huu hufanywa juu ya kuta za kuundwa. Uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Paris, mwaka 2024, mbio za ukuta wa mita 15 zilipewa medali zake peke yake: Veddriq Leonardo wa Indonesia akashinda dhahabu kwa sekunde 4.75, na Sam Watson wa Marekani akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 4.74 siku hiyohiyo akarudi na shaba, kwa kuwa aliiweka katika pambano la kuwania nafasi ya tatu. Afrika iliwakilishwa na Waafrika Kusini. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mawe. Wakenya wana Lukenya, karibu na Nairobi, na Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako ni ruhusa kukwea hata ndani ya hifadhi, na chama chao cha wapanda milima kipo tangu mwaka 1949. Serengeti mambo ni mengine: vilima vya Moru, vyenye michoro ya ngao za Wamasai na lile jiwe linalolia kama kengele likigongwa, vinatazamwa kutoka garini ila pale palipotengwa, na sababu haihitaji hakimu, maana simba na chui huvipenda kuliko sisi.

Yanabaki majabali ya nje ya hifadhi, ya Tarime na ya wilaya ya Serengeti, na kijana atakayetoka kwenye kioo kwenda kuyajaribu kabla ya kupata kamba na mwalimu ningemshauri aanze na jiwe lisilozidi kimo cha kifua chake, ambalo anaweza kuliruka na kutua kwenye nyasi, na ajifunze kushuka kabla ya kupanda, kwa kuwa kushuka ndiko kugumu, macho yakiwa mbali na miguu. Asitie mkono katika ufa asiouona ndani. Afanye kama wachungaji, atangulize fimbo. Nyufa zile zina wenyewe, nyoka na nyuki, na katika gemu nilizozitaja *PEAK* imekumbuka kutia mizinga ya nyuki mlimani.