Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Dranya



Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda uwandani siku hizi habebi daftari na kinasa sauti peke yake. Hubeba pia kamera, kwa sababu jina la chombo cha uvuvi, la pambo la harusi au la kifaa cha jikoni hueleweka vizuri zaidi likiwa na picha yake. Wengine wameigeuza kamera hiyo kuwa riziki: hupiga picha za harusi, mahafali na vitambulisho ili wapate nauli na karo. Swali ambalo huwasumbua ni hili: ninunue kompyuta mpakato ya namna gani, ikiwa nataka iendeshe mifumo miwili, yaani Windows na Linux, na nifanyie humo kazi ya picha?

Katika makala haya tutalijibu swali hilo tukimfikiria mtu anayefanya kazi Dranya. Dranya ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Koboko, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Arua mwaka 2005. Wilaya hiyo inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sokoni humo Kiswahili husikika pamoja na Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kilingala. Mpiga picha wa hapo yuko mbali na maduka makubwa ya Kampala. Akinunua kompyuta isiyomfaa, kuirudisha ni safari na gharama. Kwa hiyo inampasa achague vizuri kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini mifumo miwili?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza kompyuta: huwasha skrini, husoma diski, na kuzipa nafasi programu nyingine zifanye kazi. Windows ndiyo inayojulikana zaidi. Programu za Photoshop na Lightroom hutengenezwa kwa ajili ya Windows na Mac, wala hazina toleo la Linux. Anayezitegemea, au anayepeleka kazi kwa studio inayozitumia, hawezi kuiacha Windows kirahisi.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure, na kuna programu nzuri za picha zinazofanya kazi humo bila malipo: GIMP kwa kurekebisha picha moja moja, darktable na RawTherapee kwa faili ghafi za kamera, na digiKam kwa kupanga maelfu ya picha. Zote ni halali. Hili ni jambo kubwa kwa mtu ambaye angelazimika kutumia nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi. Aidha, virusi vingi vinavyosambazwa kwa flashi mitaani vimeandikwa kuishambulia Windows. Mpiga picha anayepokea flashi za wateja kila siku hupata nafuu akizifungua upande wa Linux.

Basi mifumo hiyo miwili haishindani. Mmoja unakupa programu ambazo wenzako wanazitumia, na mwingine unakupa usalama na uhalali bila kulipa.

Kanuni ya kwanza: anza na mfumo wa pili

Wanunuzi wengi huuliza kama kompyuta ina Windows. Swali hilo halina uzito, kwa kuwa karibu kila kompyuta mpakato inayouzwa madukani, isipokuwa za Apple na Chromebook, imetengenezwa ikiilenga Windows. Swali lenye uzito ni hili: je, Linux itaitambua kila sehemu ya mashine hii? Kadi ya Wi-Fi, kadi ya picha, kisoma kadi za kamera na hali ya kulala ndizo sehemu zinazoleta taabu. Kadi za Wi-Fi za Intel kwa kawaida hutambuliwa mara moja. Baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji kiendeshi cha ziada, ambacho hupakuliwa kwa intaneti, na intaneti yenyewe ndiyo usiyoipata kabla kadi haijafanya kazi.

Kwa sababu hiyo, aina za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, ni chaguo zuri. Zimetumiwa na watu wengi wa Linux kwa miaka mingi, vipuri vyake hupatikana, na zilizokwishatumika huuzwa kwa bei nafuu kuliko mpya.

Kompyuta za Apple zinahitaji tahadhari. Zile zenye prosesa za Intel ziliweza kupokea Windows kwa njia ya Boot Camp kuanzia mwaka 2006. Zile zenye prosesa za Apple wenyewe, zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020, hazina Boot Camp. Ni mashine nzuri kwa picha, lakini hazimfai anayetaka Windows na Linux ubavu kwa ubavu.

Mambo matano ya kukagua

1. Prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai, pamoja na mengine, kipuri cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 au zaidi. Kompyuta ya zamani kuliko hapo itaendesha Linux vizuri, lakini upande wa Windows utakuwa umechakaa siku ile ile unayoinunua.

2. RAM. Windows 11 inakubali kuanza na GB 4, lakini kwa picha hiyo ni kama kupika karamu kwa sufuria ya chai. GB 8 ni kiwango cha chini cha kufanyia kazi. GB 16 ndicho kinachofaa. Uliza kama RAM inaweza kuongezwa. Katika baadhi ya mashine nyembamba imechomelewa kabisa, na ulichonunua ndicho utakachobaki nacho.

3. Diski. Chagua SSD, si diski ya kuzunguka. Tufanye hesabu. Faili ghafi ya kamera ya megapikseli 24 huwa na takriban MB 25. Harusi ya picha 1,000 ni GB 25. Diski inayouzwa kwa jina la GB 512 huonekana kwenye Windows kama GB 476 hivi. Ukiipa Windows na programu zake GB 150, na Linux GB 60, utabaki na GB 266, yaani harusi kumi. Ukinunua diski ya GB 256, utabaki na nafasi ya harusi tatu au nne tu, hata ukizibana sehemu zote mbili.

4. Skrini. Kompyuta nyingi za maofisi zina skrini hafifu, na hapa ndipo mpiga picha hupotezwa. Tafuta skrini ya aina ya IPS yenye nukta 1920 kwa 1080. Skrini za TN hubadilisha rangi unapoinamisha kichwa; uso uliouona vizuri ukiwa umekaa huonekana mweusi tii au umepauka ukisimama. Ukisoma kwenye maelezo "asilimia 45 ya NTSC", jua kwamba rangi nyingi hazitaonekana sawasawa. "Asilimia 72 ya NTSC" hukaribia kutimiza kiwango cha sRGB, ambacho ndicho hutumika kwa picha za kawaida.

5. Umeme. Arua iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, lakini vijijini watu wengi bado hutegemea sola. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Kama ni ya risasi, haifai kuitumia zaidi ya nusu, yaani Wh 600. Kompyuta ya ofisi inayotumia wati 25 itafanya kazi humo karibu saa 20, ukitoa kinachopotea njiani. Kompyuta ya michezo inayotumia wati 100 itaimaliza kwa saa tano. Inayochajiwa kwa USB-C ni bora zaidi, kwa kuwa unaweza kuichaji kwa chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha bila kupitia inveta.

Tuchukue mfano mmoja wa kupimia. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, nafasi mbili za RAM, kisoma kadi za SD, chaji ya USB-C, na betri mbili, moja ikiwa ya kuchomoa. Inakubali Windows 11 na Linux. Kasoro yake ni kwamba skrini zake nyingi za kawaida ni zile za asilimia 45. Anayeinunua na aweke akiba ya skrini ya pembeni, au aikague skrini kabla ya kukubali bei.

Nenda dukani na flashi

Ushauri ulio muhimu kuliko yote ni huu. Usinunue kwa maneno ya muuzaji wala kwa maandishi ya kwenye boksi. Pakua Linux Mint, yenye ukubwa wa karibu GB 3, ukiwa mahali penye intaneti nzuri, kisha iandae kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Mfumo huo unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta.

Ukifika dukani, Arua au Koboko mjini, mwombe muuzaji kwa adabu: "Ndugu, naomba niiwashe kwa flashi hii dakika kumi tu, sitafuta kitu." Kisha kagua haya: Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Kadi ya kamera inasomeka? Ukifunga kifuniko na kukifungua, mashine inaamka? Fungua pia picha yako mwenyewe unayoijua rangi zake. Mashine ikifaulu, Linux imekubali. Muuzaji akikataa kabisa usijaribu, duka la pili liko jirani.

Kugawa diski bila kupoteza picha

Diski ni kama kiwanja kimoja kinachojengwa nyumba mbili. Tangulia na Windows, kisha Linux. Ukigeuza utaratibu huo, Windows huenda ikajifanya mwenye kiwanja peke yake na kuuficha mfumo wa kwanza. Tenga sehemu tatu: ya Windows, ya Linux, na ya tatu ya picha, ambayo mifumo yote miwili itaisoma. Sehemu hii ya tatu iwe ya muundo wa NTFS au exFAT, kwa maana Windows haisomi muundo wa ext4 wa Linux bila msaada.

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya picha zote kwenye diski ya nje. Picha ya bibi harusi hairudiwi; wageni wameshatawanyika na pilau imekwisha. Kisha angalia mambo matatu.

La kwanza, kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker. Andika kwenye karatasi ufunguo wake wa kurejesha, wenye tarakimu 48, kabla ya kubadilisha mpangilio wa kuwasha. Bila ufunguo huo unaweza kufungiwa nje ya picha zako mwenyewe.

La pili, zima ndani ya Windows ule utaratibu wa kuwaka haraka. Ukiuacha, Windows haizimiki kabisa, na Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya picha.

La tatu, saa. Windows huiweka saa ya mashine kwa wakati wa hapa kwetu, na Linux huiweka kwa wakati wa dunia, ambao uko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Ukitoka Linux kwenda Windows mahali pasipo na intaneti, saa kumi jioni itaonekana saa saba mchana, na mpangilio wa faili zako utavurugika. Linux inaweza kuagizwa ifuate wakati wa hapa kwa amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, inayotolewa kwa mamlaka ya msimamizi.

Neno jingine kuhusu kazi yenyewe: marekebisho uliyoyafanya kwa Lightroom hayasomeki kikamilifu kwa darktable, wala ya darktable kwa Lightroom. Kazi moja ianzwe na kumalizwa upande mmoja. Ikilazimu kuvuka, toa picha kama TIFF ya biti 16, nayo itafunguka kote.

Kuhusu istilahi

Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba Kiswahili si mgeni katika uwanja huu. Mwaka 2004 Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Maneno kama faili, mfumo endeshi, kusakinisha na kiolesura ni mali yetu tayari. Tunapomweleza fundi au mteja wa Dranya, tuyatumie, na pale anapozoea kusema laptopu na flashi, tusimsahihishe bila sababu. Neno linaloeleweka ndilo linalookoa picha.

Kwa muhtasari: prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya GB 16, SSD ya GB 512, skrini ya IPS, chaji ya USB-C, na jaribio la flashi kabla ya malipo. Mwenye fedha chache aanze na jaribio la flashi, kwa kuwa hilo halina bei, kisha asipunguze diski wala skrini. RAM inaweza kusubiri, mradi mashine ina nafasi ya kuiongeza.