Kachumbari ya ndimu au saladi ya mayonezi? Kwa nini ladha hutofautiana, na namna ya kula mboga mbichi bila kuugua

Katika sekta ya Nkungu, wilayani Rusizi, kama ilivyo katika vilima vingi vya magharibi mwa Rwanda, mboga kwa desturi hupitia chunguni kwanza. Dodo huchanganywa na maharage, isombe huchemshwa kwa saa kadhaa, na kabichi hukaangwa kwa vitunguu na nyanya. Mboga mbichi zilizokatwakatwa na kukamuliwa ndimu ni mgeni aliyefika baadaye, na hadi leo zipo nyumba ambazo mgeni huyo huonekana siku ya karamu tu.

Mgeni huyo alikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya Waswahili: kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili, inayoandamana na pilau au nyama choma. Neno lenyewe lina asili ya Bara Hindi. Lilitia nanga pwani, kisha likapanda bara pamoja na wafanyabiashara na lugha yao. Njia ya pili ni ya Wabelgiji, waliotawala Rwanda na Kongo na kuacha desturi ya saladi ya kabichi, karoti na kiazi chekundu, iliyofunikwa kwa mayonezi. Mjini Kamembe, na ng'ambo ya mto Rusizi katika mji wa Bukavu, njia hizo mbili hukutana kwenye sahani moja, na hapo ndipo mabishano ya mezani huanza. Mmoja husema kachumbari bila ndimu ya kutosha ni nyanya zilizokatwa tu. Mwingine huiona saladi bila mayonezi kuwa chakula cha sungura.

Je, ni ukaidi tu?

Si ukaidi mtupu. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alipokuwa akifanya kazi na unga wa kemikali iitwayo PTC, mwenzake alilalamika kwamba unga uliopeperuka hewani ulikuwa mchungu mno. Fox mwenyewe hakuonja chochote. Kutokana na tukio hilo ilibainika kwamba uwezo wa kuonja aina fulani za uchungu hurithiwa, na kwamba watu wa nyumba moja wanaweza kutofautiana kabisa. Kabichi, hasa ikiwa mbichi, ina viambata vinavyokaribiana na kemikali hiyo. Kwa hiyo mtoto anayekunja uso mbele ya kabichi mbichi huenda anaonja kitu ambacho mama yake haonji.

Hali ni hiyohiyo kwa kotmiri, ambayo wengine huiita dania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliihusisha tabia ya kuyaona majani hayo yana ladha ya sabuni na tofauti ya kurithi katika vipokezi vya harufu. Anayeikataa kotmiri kwenye kachumbari asilaumiwe haraka kuwa mdeko.

Hata hivyo, urithi hauamui kila kitu. Watoto wengi huikubali mboga waliyoikataa iwapo watapewa kidogo kidogo, bila kulazimishwa, mara nane, kumi au hata zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya tatu.

Kazi ya mchuzi wa saladi

Mchuzi wa saladi, hata uwe rahisi namna gani, hujengwa juu ya vitu vitatu: uchachu, chumvi na mafuta. Ndimu au siki huleta uchachu, ambao huzima uchungu kiasi na kuamsha ladha ya nyanya. Chumvi hufyonza maji kutoka kwenye mboga. Ndiyo maana kabichi hutiwa chumvi mapema na kukamuliwa ili ilainike, ilhali nyanya hutiwa chumvi dakika ya mwisho, la sivyo sahani hugeuka bwawa. Vitunguu vikali hupoa vikilowekwa katika maji safi yenye chumvi kwa muda mfupi, kisha vikasuuzwa.

Mafuta na ndimu havipatani. Ukivipiga pamoja huchanganyika kwa muda, halafu kila kimoja hurudi mahali pake. Kijiko kidogo cha haradali huvishikanisha; kiini cha yai hufanya hivyo vizuri zaidi, kwa sababu kina lesithini, na hiyo ndiyo siri yote ya mayonezi. Wafaransa hupima takriban sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. Kwa ulimi uliozoea ndimu kipimo hicho ni cha mafuta mno, na sioni sababu ya kukifuata.

Magharibi mwa Rwanda kuna mafuta mengine yasiyohitaji chupa: parachichi. Likiiva vizuri, likapondwa na kutiwa ndimu, chumvi kidogo na pilipili, hutoa mchuzi mzito unaoshinda mayonezi nyingi za dukani. Ndimu hapo ina kazi mbili, kwani uchachu wake pia huchelewesha weusi unaotokea parachichi linapokutana na hewa.

Faida yake haiishii kwenye ladha. Karoti ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini kiambata hicho hufyonzwa kwa shida pasipo mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walieleza kwamba watu waliokula saladi ya karoti, letasi na spinachi pamoja na parachichi walifyonza beta-karotini zaidi ya mara kumi kuliko walipoila saladi hiyo bila mafuta. Mafuta ya parachichi peke yake yalitoa matokeo kama hayo. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019-20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na ambako kila kaya huhimizwa kuwa na bustani ya jikoni, akarima k'igikoni, hili si jambo la mapambo ya mezani. Karoti ya bustanini bila tone la mafuta hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Hatari iliyo kwenye jani bichi

Wazee waliosisitiza kwamba mboga ipikwe walikuwa na hoja. Moto huua vijidudu, na saladi haina moto. Miji ya mashariki mwa Kongo iliyo kando ya Ziwa Kivu, ikiwemo Goma na Bukavu, imekumbwa na kipindupindu mara kwa mara tangu miaka ya 1990, na watu na mboga huvuka mpaka wa Rusizi kila siku. Yapo pia mayai ya minyoo, ambayo hung'ang'ania majani na mizizi iliyogusana na udongo wenye kinyesi.

Wengi huamini kwamba ndimu husafisha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofuatilia kipindupindu nchini Guinea-Bissau waligundua kwamba watu waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa wali walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuugua, na vipimo vya maabara vilionesha kwamba uchachu huo huwaangamiza bakteria wa kipindupindu. Lakini ndimu haiui mayai ya minyoo, na hata dawa ya klorini ya kutibu maji huyashindwa. Kinachoyaondoa ni maji safi yanayotiririka na mikono inayosugua. Kila jani la kabichi au letasi lioshwe peke yake. Karoti isuguliwe kisha imenywe. Maji ya kusuuzia ya mwisho yawe yale ambayo ungekubali kuyanywa. Kisu na ubao uliokatia nyama vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Pale kipindupindu kinaporipotiwa jirani, saladi isubiri na kabichi irudi chunguni.

Mayonezi ya nyumbani inahitaji tahadhari yake. Yai bichi linaweza kubeba salmonela, na wajawazito, watoto wadogo na wazee ndio huumia zaidi. Pasipo jokofu, itengenezwe ya mlo mmoja tu na kinachobaki kimwagwe. Njia ya salama zaidi ni kuchemsha yai hadi ligande, kukiponda kiini chake kwa uma, kisha kukitia ndimu, haradali na mafuta kidogo kidogo huku ukikoroga. Haitakuwa laini kama ile ya dukani, lakini ladha yake ni tamu na hakuna atakayelala hospitalini kwa ajili yake.

Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa ndani ya chupa ya mafuta nacho kisiwekwe rafuni kwa wiki kadhaa. Bakteria wa botulini hustawi mahali pasipo hewa, na sumu yao haina harufu ya kumwonya mpishi.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye maharage, mkate na vile vidonge vya mchuzi ambavyo baadhi ya wapishi siku hizi huvisaga hata juu ya kachumbari. Mwenye shinikizo la damu aongeze ndimu na pilipili, apunguze chumvi; baada ya wiki chache ulimi huzoea.