Kuchora takwimu: anzia kwenye sensa

Anayetaka kujifunza kuchora takwimu huuliza kwanza atumie programu gani. Hilo lisubiri. Excel inatosha, na kwa siku za mwanzo hata penseli na daftari la miraba vinatosha. Wengi hukwama kwa sababu hawana takwimu wanazozielewa, wala swali la kuziuliza.

Basi tuchukue jedwali dogo la sensa za Tanzania Bara na Visiwani. Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, na 2022 milioni 61.7. Swali letu: ni kipindi gani idadi ya watu iliongezeka kwa kasi zaidi kuliko kilichotangulia?

Chora grafu ya mstari ya kawaida, miaka ukiipanga chini kwa nafasi sawa, jinsi kompyuta inavyopenda kufanya. Mstari utapanda kwa ukali zaidi kati ya 1988 na 2002 kuliko kati ya 2002 na 2012. Ni uongo, ingawa hakuna namba hata moja iliyokosewa. Sensa ya 2002 ilifanyika miaka 14 baada ya ile iliyotangulia, na ya 2012 baada ya miaka 10. Ongezeko la kwanza ni la watu kama laki nane kwa mwaka, la pili ni zaidi ya milioni moja. Sasa ipe kila miaka 10 sentimita 5, na hiyo 14 sentimita 7, kisha uchore upya. Kwenye Excel, chagua grafu ya nukta, ambayo huheshimu umbali kati ya mwaka na mwaka. Zoezi hili fanya kwa mkono kabla ya kuligusa kwa kompyuta. Mkono hauruki miaka minne bila wewe kujua.

Mtego wa pili uko kwenye nguzo. Simamisha nguzo mbili, ya 2012 na ya 2022, lakini kipimo cha pembeni ukianzishe kwenye milioni 40 badala ya sifuri. Nguzo ya pili itaizidi ya kwanza zaidi ya mara nne, ilhali watu wameongezeka kwa asilimia 37 tu. Msomaji wa nguzo hupima urefu wake wote, kwa hiyo lazima ianzie sifuri. Kwenye mstari sishikilii sana sharti hilo, maana pale jicho hufuata mwinuko.

Na duara? Mskoti William Playfair, aliyechapisha grafu za mistari na nguzo mwaka 1786, ndiye aliyelileta mwaka 1801, na ofisi zetu zimelipenda kupita kiasi. Mwaka 1984 Wamarekani William Cleveland na Robert McGill waliwapima watu wakaona kwamba tunakisia vizuri zaidi tukilinganisha nguzo kuliko pembe za duara. Vipande viwili au vitatu, sawa. Mikoa yote 31 kwenye duara moja ni kumtesa msomaji.

Ukishazoea, ingia kwenye ramani. Majedwali ya mikoa yanapatikana bure katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukipaka rangi kwa idadi ya watu pekee, Tabora yenye watu milioni 3.4 itajaa machoni, na Dar es Salaam yenye milioni 5.4 itabaki kidoa pwani. Gawanya kwanza idadi ya watu kwa eneo: Dar es Salaam inapata watu karibu 3,900 kwa kilomita ya mraba, Tabora 45 hivi. Hata hapo Dar es Salaam bado haitaonekana vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo ikuzie picha yake pembeni, kwenye kisanduku chake.